Jiwe Lililokuwa Juu ya Nyumba Yetu

Mama Favour alipanda kilima chetu mara ya kwanza mwaka 1992, karai kichwani na nyundo ndani ya karai. Baba ndiye aliyenisimulia, maana mimi nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Wakati huo nyumba yetu ilikuwa ya mwisho upande huu wa Kirumba. Juu yetu palikuwa na majani, pimbi na mawe, basi. Baba yangu, Mwalimu Mutayoba, alitoka Muleba kuja kufundisha shule ya msingi hapa mjini, na ndugu zake walipomtembelea walimcheka: wewe mtu wa migomba, umekosa udongo nchi nzima mpaka ukajenge juu ya jiwe?

Jina lake la kuzaliwa yule mama ni Amondi. Kwao ni Rorya, ufukweni mwa ziwa, na alikuja Mwanza akiwa ameolewa na Otuoma, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo. Walipanga chumba karibu na kiwanda, wakaishi kwa king'ora chake: kikilia asubuhi anaamka kupika uji, kikilia mchana anajua mume yuko njiani. Kisha kiwanda kikaanza kukohoa. Mara pamba hakuna, mara vipuri hakuna, mara zamu ya pili imefutwa. Mwisho geti likafungwa kwa mnyororo na wafanyakazi wakaambiwa wasubiri kuitwa. Otuoma alisubiri mwaka mzima. Alikuwa anaamka saa ile ile ya king'ora, anavaa, anakaa mlangoni. Alipochoka kukaa akaenda Geita kutafuta dhahabu, na kumwacha Amondi na mimba ya miezi minne. Barua yake ya kwanza ilikuja, ya pili ikaja. Ya tatu haikuja mpaka leo.

Ndivyo alivyofika kilimani kwetu. Bibi mmoja wa Kikerewe alimfundisha kazi ya mawe. Unachagua mwamba, unausafisha, unawasha moto juu yake kwa mabanzi ya mbao na unautunza saa nyingi bila kuuchokoza. Mwamba ukishiba moto unalia. Unatoa mlio kama wa chungu kinachopasuka, kisha unajivua ngozi, tabaka kwa tabaka, na hapo ndipo unapoingiza mtaimbo. Vipande vikubwa ni mawe ya msingi. Vidogo unakaa navyo chini na nyundo, unapondaponda mpaka vinakuwa kokoto. Favour alizaliwa mwaka ule ule, akalazwa kivulini kwenye karai lililotandikwa khanga huku mama yake akiponda.

Mimi na Favour tumekua pamoja, tukicheza kwenye lundo la kokoto na kufukuzwa tusizitawanye. Tulichokuwa tukikiona kila siku bila kukitambua ni mji ukitupita. Nyumba ya kwanza ilijengwa juu yetu nikiwa darasa la pili. Nilipofika la saba zilikuwa zaidi ya ishirini. Viwanda vya minofu ya samaki vilileta watu kutoka kila upande wa ziwa, na watu hao walitaka pa kulala karibu na Mwaloni, soko la samaki la ufukweni. Viwanja vya chini vilikwisha zamani, wakapanda. Walipanda mpaka mahali ambapo mbuzi alikuwa akisita. Na kila nyumba iliyopanda ilipanda juu ya mawe ya Mama Favour, kwa sababu hakuna lori lililoweza kufika huko. Alikuwa anayapasua palepale, anayauza palepale. Baba alikuwa akisema kwamba mama yule anakibomoa kilima kipande kwa kipande na kukipanga upya.

Samaki walipopungua na baadhi ya viwanda vikafunga, tulidhani watu wangeondoka. Hawakuondoka. Waliuza mitumba, waliuza dagaa, waliendesha bodaboda, wakazidi kujenga. Ila kokoto zikaanza kuja na malori kutoka nje ya mji, za mashine, zote za ukubwa mmoja. Wanawake wa mawe wakapungua mmoja baada ya mwingine. Mama Favour alibaki hadi kifua kilipomkataza. Vumbi la miaka ishirini na sita lilikuwa limehamia ndani. Mwaka 2018 aliweka nyundo chini, akawa anakaa kwenye vyumba vyake viwili alivyojijengea korongoni, ubavuni mwa jiwe kubwa. Favour alikuwa ameshaolewa Kisesa, anashona nguo, na kila alipokuja alimwomba mama yake ahamie huko. Mama Favour alijibu kwamba hana nguvu za kuhama. Alisema hivyo kwa ukweli, si kwa ukaidi. Kuna uchovu ambao hata kuondoka unaona ni kazi.

Lile jiwe lilikuwa na ukubwa wa darasa. Lilikaa juu ya nyumba yetu na nyumba nyingine nane, na hakuna aliyeliogopa, kama vile usivyoogopa paa la nyumba yako. Watu waliegemeza mbao hapo. Wapenzi waliandika majina yao.

Mvua za mwisho wa mwaka 2023 ndizo zilizotutisha. Zilinyesha wiki baada ya wiki, vijito vikapita katikati ya vyumba vya watu. Alfajiri moja jiwe dogo, la ukubwa wa pipa, lilitoka chini ya lile kubwa, likashuka na kuvunja choo cha jirani yetu Celestina. Hakukuwa na mtu ndani. Kulipokucha tulipanda kuangalia, tukaona kwamba chini ya jiwe kubwa udongo umeondoka, na upande wa mbele limebaki likining'inia hewani kama taya.

Mhandisi wa jiji alikuja na vijana wawili na kopo la rangi nyekundu. Alizunguka, akapima, akatikisa kichwa. Nyumba tisa zikapigwa alama ya X. Tulipewa siku thelathini tuhame. Baba yangu, mwenye miaka sabini na nne wakati huo, alisimama mbele ya ukuta wake, akagusa ile alama kwa kidole, akakitazama kidole.

"Bado mbichi," alisema, akaingia ndani.

Jioni mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mashimba, aliitisha kikao uwanjani kwa fundi seremala. Alieleza aliyoambiwa. Katapila haiwezi kupanda, njia hakuna. Baruti ikitumika, itaangusha nyumba zaidi ya zile inazookoa. Kwa hiyo ni kuhama, na fidia hakuna maana hatuna hati. Watu walipiga kelele mpaka wakachoka. Ndipo sauti moja ikasema nyuma, "Si tunaye Mama Favour?"

Wote wakageuka. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ukutani, amejifunga kitenge kifuani kwa ajili ya baridi.

"Mama," alisema Mashimba, "lile jiwe linaweza kupasuliwa kwa moto?"

Mama Favour hakuwahi kuiweza ile "sh" ya jina la mwenyekiti. "Masimba," alijibu, "mawe yote yanapasuka. Lakini mimi nimechoka. Nilichoka kabla hamjaniuliza."

Akainuka, akaondoka. Hakuna aliyemlaumu.

Kumbe hakwenda kwake. Mimi na Baba tuliporudi nyumbani tulimkuta kwenye benchi letu la barazani. Baba alimkaribisha, mimi nikamwamkia shikamoo na kwenda kuwasha jiko la chai. Nikamsikia akisema:

"Mwalimu, unakumbuka mawe ya msingi wa vyumba vyako vya nyuma?"

"Nakumbuka. Mwaka tisini na nne. Si uliniletea wewe?"

"Niliyatoa wapi?"

Baba aligeuka kutazama juu, gizani.

"Chini ya lile jiwe," alisema Mama Favour. "Yalikuwa mazuri, Mwalimu. Yamekaa kama mtu ameyapanga. Sikuhitaji hata moto, nilikuwa nayavuta tu kwa mtaimbo. Nilikuwa na mtoto mgongoni na wewe ulikuwa unataka haraka kabla ya mvua. Na ya Celestina niliyatoa hapohapo. Na ya yule marehemu wa nyumba ya kona. Yalikuwa yanalishika. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Nikasema jiwe kubwa hivi haliwezi kuanguka kwa kukosa mawe matatu manne."

Nilisimama na kibiriti mkononi. Baba akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyekosa pa kukalia.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza nini?" alisema Baba. "Nilikuwa nakuona kwa macho yangu ukitokea pale. Nilikuwa nakuona. Nilitaka mawe ya karibu, basi. Lile jiwe tumelila wote, Mama Favour. Usijibebeshe peke yako."

Mama Favour alikunywa chai yake. Alipomaliza alisema tumtafutie mabanzi, mengi, makavu, na wanaume wanne wasiopenda maneno.

Kazi ilichukua wiki tatu. Kila asubuhi watu wote wa nyumba zile tisa walitoka na kuhamia kwa majirani wa upande wa pili, na jioni tulirudi. Mimi nafanya kazi duka la dawa mjini, lakini niliomba likizo, nikawa napanda na chupa ya chai na dawa zake za kifua. Yeye mwenyewe hakushika nyundo kubwa. Alikaa kwenye ndoo yake, kitambaa puani, akiwaelekeza. Kwanza aliwafanya wajaze mawe na magogo kwenye lile taya, kwa siku mbili nzima, kabla ya njiti yoyote kuwashwa. Kisha akaanza kulimenya jiwe kuanzia kisogoni, upande wa juu, ili uzito upungue nyuma bila kulisukuma mbele. Moto uliwaka tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya kila pigo alikuwa anainuka, anagonga mwamba kwa kinyundo kidogo na kutega sikio.

"Hapo," alisema. "Siyo hapo. Hapo."

Wale wanaume, mmoja mchomeleaji, mmoja mbebaji wa Mwaloni, wawili mafundi ujenzi, mwanzoni walikuwa wakitazamana. Siku ya nne waliacha kutazamana. Aliposema hapo, ngozi ya mwamba ilikuwa inatoka nzima kama ganda la mkate.

Favour alikuja siku ya kumi. Alimkuta mama yake akikohoa mpaka amejikunja, moshi umemzunguka. Sijawahi kumwona rafiki yangu akiwa na hasira kama zile.

"Mama, watu hawa wana vifua vizima! Jiji lina watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hii! Kwa nini wewe?"

"Wanaolipwa wameshakuja. Walikuja na rangi."

"Basi waache wahame. Watu wanahama kila siku."

Mama Favour alifuta mdomo. "Mwalimu atahamia wapi, Favour? Atarudi kwenye migomba na miaka hiyo?" Kisha akasema taratibu, kana kwamba anaomba radhi, "Nikimaliza hili nakuja Kisesa. Safari hii sisemi uongo."

Favour aliketi chini, akalia kidogo, akafunga kitambaa chake puani. Alikaa mpaka siku ya mwisho.

Siku ya kumi na tisa kilibaki kipande kimoja, cha ukubwa wa lori, nacho kilikuwa kimechoka kila upande. Mama Favour alikigonga, akatega sikio, akazunguka na kukigonga tena. Alimwita Mashimba na Baba.

"Hiki hakimenyeki tena," alisema. "Kinataka kwenda chenyewe. Nikikiacha, mvua ijayo kitakwenda mbele, kwa Mwalimu na wenzake wote. Nikikisukuma leo, naweza kukipeleka korongoni."

"Basi kipeleke korongoni," alisema yule mbebaji wa Mwaloni, ambaye hakuwa mwenyeji wa upande ule. "Korongoni si hakuna kitu?"

Sote tuligeukia korongoni. Baba alitazama chini. Mbebaji akafuata macho yetu, akaona vile vyumba viwili vyenye mlango wa buluu, akashika kichwa.

Mashimba alikohoa. "Mama, sisi kama mtaa tutakujengea. Nakuahidi mbele ya watu hawa."

Mama Favour alimtazama bila ubaya wowote. "Masimba, wewe sema tu ahsante."

Tulitoa vitu vyake kwa nusu saa. Havikuwa vingi: kitanda, godoro, sufuria, kabati la vyombo, cherehani mbovu ya Favour ya kujifunzia. Alisimama mlangoni akituhesabia vikombe. Kisha akasema bati zitolewe, bado nzima, na mlango nao ung'olewe, mbao zake ni nzuri. Mafundi waling'oa. Vikabaki kuta nne tu na alama ya masizi pale jiko lilipokuwa.

Saa nne asubuhi mitaimbo minne iliingizwa kwa pamoja. Aliwahesabia yeye mwenyewe, kwa Kijaluo, nadhani bila kujua. Jiwe liliitika taratibu sana, likaegemea, likasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, halafu likaenda. Sikusikia mlio; niliusikia kwa miguu. Vumbi lilipanda likatufunika wote, na lilipotulia palikuwa na mwamba korongoni na vipande vya tofali vikichungulia ukingoni. Mbwa wa kilima kizima walibweka. Kisha watu wakapiga vigelegele chini yetu, nyumba hadi nyumba, wakaja wakikimbia kumbeba.

Aliwakataza kwa mkono. Aliomba maji. Alikunywa, akamwambia binti yake, "Favour, twende," na wakashuka na ule umati, yeye mbele, akishika kuta za watu.

Mhandisi alirudi, akakagua, akasema mahali ni salama. Tulipaka chokaa juu ya zile X. Yetu bado inaonekana kidogo ukuta ukilowa.

Mtaa ulianza kuchangia ujenzi wake, na ninaamini Mashimba alikuwa anamaanisha. Mifuko kumi ya saruji ilinunuliwa ikawekwa stoo kwake. Kisha ikaja misiba miwili, ikaja ada za shule, ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa. Saruji ikashika unyevu ikawa mawe ndani ya mifuko. Wakati huo vipande vya jiwe lenyewe vilikwisha siku nyingi. Watu walivibeba usiku na mchana kwenda kujengea. Na pale lilipokuwa limekaa, kumbe palikuwa tambarare, mahali pazuri kuliko pote kilimani. Mtu fulani aliuziwa. Sijui nani aliuza, na Baba alinikataza kuuliza. Kabla ya mwaka kuisha pakajengwa vyumba sita vya kupanga.

Mama Favour aliishi Kisesa kwa binti yake, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma katikati ya mashamba ya mahindi yaliyokuwa yakipimwa viwanja. Baba alimpigia simu kila Jumapili akitoka kanisani, nami nilisikia upande mmoja wa mazungumzo: viazi vimeotaje, kifua kikoje, ndiyo, ndiyo, hata huku. Siku moja Baba alimuuliza Kisesa kukoje. Alinisogezea simu nisikie. "Kuko sawa," alisema Mama Favour. "Lakini wanakuja, Mwalimu. Kila wiki wanapigilia bikoni nyingine ya mpaka. Nimekaa mbele yao, nawasikia."

Julai mwaka jana Baba aliugua malaria kali, Mama Favour akaja kumwona. Walikaa barazani asubuhi nzima bila kusema mengi. Baadaye Mama Favour aliniambia nimpeleke juu, pale jiwe lilipokuwa. Nilimwambia ni mbali kwa kifua chake. Alisema anajua umbali wake kuliko mimi.

Tulipumzika mara nne. Njia yenyewe ilikuwa imebadilika, ngazi zimemwagwa zege mahali pengine, mahali pengine ukuta wa mtu umekula njia ikabidi tupite kiubavu. Korongoni hakutazama, au alitazama wakati mimi simtazami. Tulipofika kwenye vile vyumba sita, dada mmoja mwenye mimba alikuwa anaanika nguo. Aliacha beseni, akapiga goti.

"Shikamoo mama. Mnamtafuta nani?"

"Marahaba. Hatumtafuti mtu. Nimechoka kupanda tu."

"Basi karibuni mkae. Huku kupanda ni kazi." Akaleta stuli na maji kwenye kikombe cha plastiki. Jina lake alisema ni Wilhelmina, ametokea Nansio, mumewe anabeba samaki Mwaloni, wamehamia mwezi wa pili. Hapa wamepapenda. Upepo upo, na jioni mtoto wake wa kwanza anakaa pale ukingoni anahesabu mitumbwi.

Mama Favour aligeuka kutazama pale alipoonyeshwa. Ziwa lilikuwa wazi lote, kuanzia Mwaloni na mabanda yake ya dagaa hadi visiwa vilivyofifia kule mbali, maji meupe kwa jua la mchana. Zamani ukisimama hapo uliona jiwe.

Alikaa akitazama, mikono juu ya magoti, vidole vyake vilivyopinda vikiwa vimelala. Wilhelmina alirudi kwenye nguo zake.

"Una maji ya bomba huku?" alimuuliza yule dada baada ya muda.

"Bado, mama. Tunateka chini."

"Wataleta," alisema. "Wanachelewa, lakini wataleta." Akarudisha kikombe, akanishika bega. "Annet, tushuke polepole. Kushuka ndiko kunakoniumiza."